Pafu la Neema

Alhamisi

Kinachonikera si maneno ya mama mkwe. Ni kwamba mimi mwenyewe nilipiga kelele mtoto ashuke.

Tangu Neema akatwe sehemu ya pafu mwaka jana, bibi yake hataki atoke jikoni akirudi kutoka shule. "Mama Neema, mwache akae. Kilichokatwa hakioti tena," aliniambia asubuhi. Nikaitikia, "Sawa mama." Mkwe habishiwi.

Lakini mimi ni afisa mifugo, hayo nimeyasoma. Mbwa mchanga akiondolewa kipande cha pafu, kweli kile kipande hakirudi. Ila pafu lililobaki hukua na kuongeza vifuko vya hewa, kwa sababu kila pumzi inalivuta lijaze nafasi iliyoachwa. Daktari alisema kwa watoto huenda ikawa vilevile, kwa hiyo acheze tu. Hiyo "huenda" ndiyo inayoninyima usingizi.

Leo nimerudi kutoka kazini, jikoni hayupo. Nikamwona juu kabisa kwenye matuta ya shamba la mlimani, anakata majani ya ng'ombe na binamu zake. Elimu yote ikanitoka. Nikapanda mbio huku naita, "Neema, shuka, shuka upesi."

Nilipomfikia sikuweza hata kumgombeza. Niliinama nikashika magoti, kifua kinawaka.

Neema akatua mzigo wake wa majani, akaniangalia kwa huruma. Yeye hata hahemi.

"Shikamoo mama," akasema. "Kaa kwanza, upumue."