Kisanduku Kinachokula Betri

3 Machi
Mwanangu,
Hujambo huko? Sisi wazima, ila goti langu na mdomo wa jirani yetu fundi cherehani, vyote viwili haviponi. Kile kisanduku cha kukanyaga, cha kungurumisha sauti ya gitaa, ulichoomba, baba yako kasema, "Mpe, mimi na gitaa basi." Tangu kiharusi kimpige mkono wa kushoto, mwaka wa pili huu, hata kulitazama hataki. Nimekijaribu kabla sijakituma. Kimya! Taa haiwaki. Nifanyeje?
Mama yako

12 Machi
Mama, shikamoo. Mimi mzima, kazi ya ufundi redio inakwenda. Weka betri mpya, ile ya mraba. Ikigoma, fungua skrubu nne za chini uangalie kama kuna waya ulioachia. Nakihitaji sana, bendi yetu ina onyesho mwezi wa tano.
Binti yako

25 Machi
Marahaba mwanangu. Goti lile lile. Nimetia betri, kikawaka! Jirani kapiga uzi mmoja tu wa gitaa, spika ikanguruma, kuku wote mbio. Kesho yake kimekufa. Nikakifungua kwa kisu cha jikoni, waya mmoja umeachia, fundi simu kauchomea. Betri nyingine, kikawaka. Kurudi sokoni, kimekufa tena! Jirani anasema kina pepo. Nikamwambia, "Pepo hawezi kuishi karibu na wewe." Baba yako katazama dirishani kama hayamhusu.
Mama yako

4 Aprili
Mama, shikamoo. Goti likandwe. Kisanduku sasa kizima. Waya wa gitaa ukiwa umechomekwa humo, betri inaliwa hata kama hakuna anayepiga. Mnausahau. Uchomoe kila mkimaliza.
Binti yako

16 Aprili
Mwanangu, goti afadhali. Waya nauchomoa mwenyewe, nauviringisha, nautia kwenye droo. Lakini kila nikirudi sokoni naukuta umechomekwa! Nilidhani uzee. Juzi nikajifanya naenda, nikazungukia dirisha la jikoni. Baba yako kapakata gitaa. Mkono ule usioshika kikombe unabonyeza nyuzi, kidole kinateleza, anakirudisha, kinateleza. Wimbo wenyewe kama mbuzi kakanyagwa mkia. Nikarudi hadi getini, nikakohoa weee. Naingia, gitaa liko ukutani, yeye anachambua maharage niliyokwisha kuyachambua asubuhi. Waya kausahau.
Mimi na mdomo wangu huu, hata jirani sijamwambia.
Sasa nikitume, au?
Mama yako

27 Aprili
Mama, shikamoo. Usikitume. Kwenye onyesho nitapiga bila hicho. Ndani ya kifurushi hiki mna betri sita. Mwambie baba nimeshindwa kujua ugonjwa wa kisanduku, kinataka mtu wa kukijaribu kila siku, kisha aniandikie kinavyolia.
Waya usiuchomoe wewe.
Binti yako