Nililikalia Jina la Wifi

Shoga, upo? Nimeaibika, sijui uso niuweke wapi.

Si unamjua wifi yangu anayeshona nguo za watoto? Alipotuambia biashara ataiita jina la utani la marehemu mama yao, mama mkwe wangu, nilimuwahi. Nikafungua akaunti mtandaoni kwa jina hilo. Nilitaka tu aje kunibembeleza. Wivu, shoga. WIVU!

Leo kaja kwangu analia. "Wifi, kuna mtu kalikalia jina la mama. Wewe unajua kupanga maneno, niandikie nimwombe aliachie."

Nikachukua simu yake nikaandika. Mimi! Najiomba mwenyewe!

Nikaituma kwa akaunti ile. Simu yangu niliisahau mezani, ikalia pale pale mbele yake. Akaisoma meseji yake kwenye kioo cha simu yangu.

"Wifi, ni wewe?"

Hilo tu, basi. Heri angenitukana.

Nimempa nywila, nimeomba msamaha mpaka sauti imekauka. Akaibadilisha hapo hapo, akabeba mkoba wake.

Mlangoni akageuka: "Na mama alivyokuwa anakupenda."

Shoga, bado nimesimama hapa mlangoni.