Tulisafisha Mno

Jumatano, 23 Aprili 2025
Mvua ya jana! Mfereji wa juu umepasuka, maji yakashuka mtaa wetu wote wa Gitega, hapa Kigali, mpaka dukani kwetu. Matope magotini. Vitambaa vya sare za shule vimegeuka matambara. Cherehani yangu ya miguu imelala ubavu. Na overloki ya umeme, ile niliyonunua pamoja na mwenzangu Mukeshimana, imekunywa maji ikashiba. Bila overloki kingo za kitambaa zinafumuka, na hakuna shule inayopokea sare ya kufumuka. Mukeshimana alikaa mlangoni akacheka. Mimi nililia. Simu yangu nayo ilikuwa kwenye droo – kwaheri.

Ijumaa, 25 Aprili
Redioni: serikali itasaidia biashara ndogo zilizopigwa na mafuriko. Wakaguzi watapita mtaa kwa mtaa. Mukeshimana anasema wakifika kweli nimwamshe. Mimi naamini. Sijui kwa nini, naamini tu. Ila wageni wa serikali watukute na uchafu huu? Aibu!

Jumamosi, 26 Aprili
Umuganda leo, usafi wa pamoja wa kila mwisho wa mwezi. Raha! Mtaa mzima na majembe, mbele Nyirahabimana, mkuu wa mudugudu wetu, na buti zake za mvua. Kufika adhuhuri duka linang'aa. Ukuta tumeupaka chokaa, alama ya maji huioni. Vitambaa vilivyooza na overloki iliyokufa – vyote juu ya lori la taka. Overloki Nyirahabimana alibeba upande mmoja, mimi mwenyewe nikaisukuma juu, kwa bismillahi. Mgongo unauma lakini nina furaha.

Jumapili, 27 Aprili
Nimeifungua yote cherehani ya miguu, nikaiosha kwa mafuta ya taa. Inazunguka!!

Jumanne, 29 Aprili
Mkaguzi amekuja. Anaitwa Kamanzi, kijana mpole, viatu safi. Akatazama ukuta, akatazama sakafu, akatabasamu.
"Mama Nasiri, hapa iko safi sana. Hasara iko wapi?"
Ya Rabi! Hasara tumeipakia lori! Na picha hatuna hata moja, kasimu ka Mukeshimana ni ka kupigia tu. Watu wa Kigali sisi – maafa yakija tunayafagia kabla hayajaonekana. Nyirahabimana akaja mbio. "Mashini yao ilikuwapo, mimi nilibeba upande mmoja!" Kamanzi akasema anamwamini, lakini wakubwa wake wanataka kitu cha kuona kwa macho. Atarudi kesho.

Mukeshimana na ujanja wake wa Mwanza alikokulia! Anataka tuivue cherehani ya miguu mkanda, tuseme nayo imekufa, walau tupate kitu. Nimekataa. Nimeihangaikia Jumapili nzima, leo niizike hai? Akaniambia kiburi changu kitatulaza njaa. Tumenuniana mpaka wakati wa chai. Naogopa anasema kweli.

Jumatano, 30 Aprili
Naandika mbio, Kamanzi amerudi. Nikamwambia ukweli wote: hii inafanya kazi, ile iliyokwenda na lori ndiyo iliyokuwa inatulisha. Akavuta kiti.
"Basi shona, mama. Nione kazi inakwama wapi."

Nikashona sketi ya shule mbele yake, kwa kitambaa cha kukopa na ustadi wangu wote. Mukeshimana aliuma midomo muda wote. Kamanzi akaipokea, akaigeuza ndani nje. Akavuta uzi mmoja ukingoni. Ukatoka. Akavuta wa pili, ukatoka na mwenzake. Akasema dada yake alikuwa na sketi ya namna hii, haikumaliza hata wiki. Nikamwambia ndiyo hivyo, kisha mzazi anarudi kwangu na mdomo. Hakucheka. Akauliza overloki yetu ilikuwa ya aina gani. Halafu akatoka kupiga simu.

Yuko barazani sasa, ametupa mgongo. Mukeshimana ananivuta gauni, ananiambia wacha kuandika, sikiliza! Nasikiliza. Sketi bado anayo mkononi, anachomoa nyuzi moja moja bila kujua, na anamwambia mtu huko – hapana mkubwa, sibishani, njoo tu uione wewe mwenyewe, njoo leo, kabla hawa mama hawajafagia tena –