Mechi Niliyoivunja

Jumatatu, 3 Machi
Jaji ameiondoa kesi. Hakusema nani mkweli – amesema ugomvi wa mpira uanzie baraza la usuluhishi la michezo, mahakama ije mwisho. Mwenyekiti wa klabu, aliyeshtaki ili apewe pointi za mechi niliyoivunja nikiwa refa, alicheka koridoni. Nilidhani yamekwisha. Kumbe sasa ndipo naitwa shahidi.

Jumatano, 12 Machi
Wakili wa shirikisho la mpira kanipigia. Nisimulie tu yaliyotokea: wakati wa mapumziko mwenyekiti aliingia chumba cha marefa, akafunga mlango kwa ufunguo, akasema timu yake isiposhinda sitatoka uwanjani kwa miguu yangu. Nikavunja mechi.

Tulikuwa wawili mle, mimi na mshika kibendera wangu, tunayemwita Twiga. Ameniapia: “Dada, tulikuwa wote, tutasema wote.” Nimepumua kidogo.

Ijumaa, 21 Machi
Asubuhi kioo cha gari kimevunjwa. Juu ya kiti changu, filimbi iliyokanyagwa ikapasuka. Si yangu – mtu kaenda kuinunua.

Mume wangu alifagia vioo. Kisha: “Si ungechagua netiboli, mama.” Tulicheka. Kicheko kikakatika.

Mama mkwe kawachukua watoto. Twiga hapokei simu.

Jumanne, 25 Machi
Niko chooni, jengo la baraza. Wametupa mapumziko mafupi.

Twiga alikuja, shati limenyooshwa, akakaa upande wa mwenyekiti. Akala kiapo. Akasema mlango ulikuwa wazi, mwenyekiti alipita kutusalimia tu. Sikuweza kumchukia. Hofu yake naijua.

Zamu yangu. Wakili wa klabu, sauti laini kama anambembeleza mgonjwa: hofu humfanya mtu aone mengi, dada, bado unasema mlifungiwa?

Nikasema ndiyo. Sauti ilitoka ndogo, wakaniomba nirudie. Nikarudia.

Msuluhishi mkuu, mama mwenye miwani, akauliza: “Aliyewafungia yumo humu ndani? Mwonyeshe.”

Nikamtazama mwenyekiti. Ananitabasamia. Nikaomba maji – ndipo wakatoa mapumziko.

Nimenawa uso. Karani ananiita, wote wamesharudi ukumbini. Nimemwitikia nakuja. Bado nafuta uso.

Kuna mtu mwingine nje ya mlango. Twiga. Ananong’ona.

“Dada, mtaje. Mimi nimeshindwa.”

Karani anaita tena –