Shefu na Mchuzi wa Matanga

Mama,

Shefu iko muzima. Nimeanza na mbwa kwa sababu nakujua: ungeuliza habari yake mbele ya kuuliza ya watoto wako.

Lakini kidogo tu tungemupoteza. Siku ya kumaliza matanga yako, watu walirudi kwao, chungu kikubwa kikabaki na mchuzi. Desturi yetu unaijua: chungu cha matanga hakilale na chakula, kila mwenye pumuzi nyumbani apate sehemu yake. Mama mudogo, dada yako, akasema Shefu naye ni mufiwa. Akamumwangia mchuzi wote, vitunguu na ayi, kitunguu saumu, tele ndani. Siye tulifurahi, maana tangu maziko alikuwa analala tu mulangoni bila kugusa kitu.

Kisha akaanza kulegea. Fizi zikakuwa nyeupe, mukojo ukageuka rangi ya chai. Mama, nililia kuliko siku ya kukuzika. Niliona kama unaondoka mara ya pili.

Munganga wa wanyama alikuja hapa mutaani Saio na pikipiki. Kusikia tulimupa nini, akashika kichwa. Akatueleza kama kitunguu na ayi vinaharibu damu ya mbwa, vibichi ao vya kupikwa, hata unga yake. Akamutia dawa, akasema tungoje. Mama mudogo alipiga magoti karibu ya Shefu, akamuomba musamaha kama muntu.

Njo nikakumbuka sufuria yako ndogo, fufu na samaki bila kiungo hata kimoja. Tulikuwa tunakucheka eti mbwa iko na mupishi wake. Weye ulijibu tu, "Huyu hawezi kuniambia kama tumbo inamuuma."

Sasa anayepika ni Baba. Ndiyo, Baba, ule asiyejua chumvi inakaa wapi! Anaketi chini, anamulisha kwa mukono. Shefu alikataa kula peke yake, basi Baba akawa anatia tonge moja kwake, moja kwa mbwa. Yeye ambaye tangu ulale alikuwa anakunywa chai tu, na siye tulianza kuogopa.

Jana Shefu alisimama, akamubwekea munganga vizuri sana. Na Baba akaomba nimuongezee fufu.

Pumuzika, Mama yangu. Nakuahidi nitaangalia wale wawili wamalize sahani zao kila siku, mumoja na kitunguu, mwingine bila.

Mutoto wako,
Neema