Ufunguo wa Pili wa Gari la Baba

Mkomaindo, Masasi
Jumapili, 14 Julai 2024

Kwa Baba yangu mzazi, Mzee Awadhi, Kitangari.

Shikamoo Baba. Nakuamkia kwa heshima zote, nikiomba barua hii ikukute umekaa vizuri na goti halikusumbui sana na baridi hii ya Julai. Sisi huku chini tunavaa sweta asubuhi tu, lakini najua upepo wa huko juu hauna huruma. Mama naye hajambo? Maji yanatoka, au bado anasubiri zamu bombani tangu alfajiri? Sisi hatujambo. Shakila anakuamkia, na mjukuu wako ameota meno mawili, anamng'ata kila anayempakata.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Baba, kwenye simu nimekudanganya mara nyingi mpaka mdomo umezoea. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe kwa miwani yako, usimpe Kibibi hapo nyumbani akusomee. Ukishamaliza, ukitaka kumpa mtu, umpe mdogo wangu Jumanne kwanza.

Ni habari ya ule ufunguo.

Ulipouza korosho na kunituma nikanunue gari, ulinipa sharti moja tu. Ulisema gari litafanya kazi Masasi mikononi mwangu, lakini ni la nyumba nzima, kwa hiyo ufunguo mmoja ukae kwako Kitangari. Nikaitikia. Ulinielekeza kwa Mzee Bwanali kwa kuwa mliingia jando pamoja hapo Kitangari, kabla yeye hajashuka Masasi kufungua yadi ya magari, ukasema huyo hawezi kukuuzia kitu kibovu. Na ni kweli, gari halijanisumbua hata siku moja.

Nilipolipandisha huko kukuonyesha, ulizunguka ukaligusa kila upande, kisha ukanyoosha mkono kutaka ufunguo wako. Nikakuambia sikupewa. Ukampigia Mzee Bwanali palepale, naye akakujibu kwamba alikabidhi funguo zote mbili. Ulinitazama ukaniuliza mara ya pili, nikaapa. Ndipo ulipomwambia, "Bwanali, huyu mwanangu hasemi uongo," ukakata simu.

Hayo unayajua. Yaliyotokea huku baadaye nilikuwa nakupa vipande tu.

Uliponiamuru nimpeleke Mzee Bwanali mbele ya wazee wa mtaa, nilimpeleka. Alikuja na hati ya makabidhiano, aliyoiandika binti yake Faidha. Faidha ndiye aliyekuwa akikaa ofisini na kutunza funguo za yadi nzima. Hati ilisema, "Gari moja pamoja na funguo zake." Mzee Bwanali akawaambia wazee kwamba "zake" maana yake ni zaidi ya mmoja. Nikasimama nikasema huku kwetu watu husema funguo hata ukiwa mmoja, nani hapa anayeita ufunguo? Wazee wakacheka, wakaona kweli. Faidha akasema alinipa zote mbili mkononi, zimefungwa kwa uzi mwekundu. Nilimtazama usoni, nikamjibu, "Dada Faidha, labda ulimpa mteja mwingine. Kazi zikiwa nyingi mtu husahau." Nilisema kwa upole kabisa, Baba, na ule upole ndio uliowafanya waniamini.

Mzee Bwanali hakubisha tena. Alisema hataki kipande cha chuma kimtenganishe na Awadhi. Alimleta fundi kutoka Mtwara, akabadilisha vitasa vyote na swichi ya kuwashia kwa gharama yake, ndipo ukapatikana huo ufunguo mpya ulio nao. Nikakupigia nikasema tumeshinda. Sikukuambia kwamba siku ileile alimtoa Faidha ofisini mbele ya wateja, akamwita mzembe, akamwambia arudi nyumbani. Sikukuambia kwamba Mama Faidha alimtetea mwanawe, na tangu hapo chakula cha nyumba ile kikawa kinaliwa kimyakimya. Nilikuwa nayasikia kwa majirani, napita.

Wewe nawe ulisema humjui tena mtu anayeitwa Bwanali. Nikaitikia, "Ndiyo Baba."

Mwezi uliopita Mama Faidha akafariki. Uliponiambia huwezi kushuka kwenda kuzika kwenye nyumba ya mwizi, bado nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikakuambia wewe ndiye unayejua. Mimi nilikwenda kwa sababu ni mtaa mmoja na kutoonekana kungekuwa aibu. Nilijitayarisha kutazamwa vibaya.

Mzee Bwanali alikuwa ameketi mkekani. Aliponiona alinishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia. Akaniuliza, "Baba yako anaumwa nini?"

Nikamwambia huumwi.

Akasema nisimfiche. Akasema Awadhi angekuwa mzima angekuwa hapa, hata kama wamegombana angekuja akae kule mwisho kwenye jua. Kisha akawageukia waliokuwepo, akawaomba wamwombee dua mwenzake wa Kitangari, anaumwa na watoto wanamficha. Watu wote wakanyanyua mikono. Nami nikanyanyua yangu, Baba. Nikaitikia amina.

Nilirudi nyumbani. Shakila aliniuliza nina nini, nikasingizia uchovu. Nilikaa hivyo wiki mbili.

Baba, ufunguo ule nilipewa. Faidha alinipa mkononi, na uzi mwekundu ulikuwepo kama alivyosema. Niliutia kwenye kopo la misumari uvunguni, na ulikaa humo tangu siku niliyochukua gari. Tangu fundi abadilishe vitasa, haufungui kitu chochote.

Utataka kujua kwa nini, na hili ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Nilijua ufunguo ukikaa kwako umekaa kwa Jumanne. Mdogo wangu ndiye aliyepuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho yako miaka yote hii, anakohoa mpaka machozi, mimi nikiwa mjini nimevaa shati safi. Gari lile ni jasho lake kuliko langu. Siku zote ukiongea unasema Jumanne amefanya hiki, Jumanne amefanya kile, na una haki. Nikaona siku atakapoliendesha hapo Kitangari, watu watasema ni gari la Jumanne, na mimi ni dereva wake. Nilitaka niwe na kitu kimoja ambacho yeye hana. Sikuwaza kumwibia mtu. Nilidhani utanung'unika siku mbili usahau. Ulipompigia Mzee Bwanali nikaona njia ya kurudi imeziba, nikaendelea mbele, na kila hatua nikamkanyaga mtu.

Jumatano iliyopita nilikwenda yadi, nikauweka ufunguo mezani kwa Mzee Bwanali, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Aliutazama muda mrefu. Nilitegemea anipige, na laiti angenipiga. Akasema, "Mama Faidha aliniambia mtoto hakukosea. Nikamfokea. Sasa nikamwombe radhi wapi?"

 

Akatuma mtu amwite Faidha. Alipoona ufunguo hakulia. Alisema miezi yote hii amekuwa akilala akirudia siku ile kichwani, nani alikuja, alimpa nani nini, mpaka akaanza kudhani akili yake ina kasoro. Nilipopiga magoti kumwomba radhi alinizuia. Akasema, "Usiniombe humu ndani, kaka. Ulinivunjia heshima mbele ya wazee wa mtaa. Kaseme hukohuko."

Juzi, baada ya swala ya Ijumaa, nilisema. Wazee walikuwepo, na watu wengine waliopita wakasimama kusikiliza. Mzee mmoja, aliyecheka sana siku ile ya maneno yangu ya funguo, aliondoka kabla sijamaliza. Faidha alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimemaliza, nikasema nimemaliza, akaenda kufungua ofisi. Amerudi kazini. Nikipita namsalimu, haitikii, na sijadai aitikie. Shakila naye anazungumza na mimi yale ya lazima tu, kuhusu mtoto na kuhusu chumvi.

Mzee Bwanali alinitaka jambo moja tu, uyasikie haya kwangu kabla hujayasikia kwa watu. Halafu akaniuliza tena kuhusu wewe, kama kweli siku ya mazishi hukuwa mgonjwa. Sikutaka kumdanganya tena. Nikamwambia ulikuwa mzima, ulikataa kuja, na kwamba ulikataa kwa uongo wangu mimi. Alifuta meza kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu. Akasema, "Basi afadhali ni mzima."

Anataka kuja Kitangari Jumamosi. Nilitaka kukuombea muda, akasema ninyi ni watu wazima, hamhitaji muda. Nitamleta mimi. Gari nitamkabidhi Jumanne, liwe lake kulitunza na kulipangia kazi, nami nitarudi Masasi kwa basi. Ukitaka nisivuke kizingiti chako, nitakaa nje mpaka mtakapomaliza mazungumzo yenu. Usinitetee, Baba, na usimwombe radhi kwa niaba yangu. Wewe mpe tu pole ya mke wake. Hiyo anaisubiri.

Mwambie Mama asiache kula kwa ajili yangu. Jumanne nitamwomba radhi mwenyewe, uso kwa uso. Kibibi na wote wa nyumbani wasalimie, na majirani watakaouliza habari zangu usiwafiche.

Mungu akupe nguvu ya kuyasoma haya.

Mimi mwanao,
Tahiri Awadhi