Uso chini ya kofia

Raila, Kibera
9 Agosti 1996

Brathe Obiero,

Niaje? Siwezi kungoja, wacha nikuambie! Wiki jana, nikipiga picha Soko la Toi, niliwasha flashi saa sita mchana. Watu wakacheka: "Filister, jua lote hili hulioni?" Leo picha zimetoka. Mama wa omena, na ile kofia yake pana, anaonekana hadi meno! Kumbe flashi hutoa kile kivuli cha kofia usoni.

Unakumbuka picha tuliyoweka juu ya jeneza la Baba? Kofia safi, uso giza tupu. Niliipiga mimi.

Nimesoma alichosema daktari kuhusu Mama. Mlete Jumamosi. Avae kofia yake ya kanisa, asiivue. Uso nitaupata.

Sistako,
Filister